Gurudumu la Nyuma Kushoto

Lami ilikuwa imebaki kilomita arobaini nyuma yao gari lilipoanza kunguruma.

Haikuwa ngurumo ya injini. Ilitoka chini, karibu na ardhi, kama mtu anayesaga mahindi chumba cha pili na hataki kupumzika. Mshonaji, aliyeshika usukani, aliisikia akanyamaza. Wifi yake, aliyekaa pembeni yake na mkoba mapajani, aligeuza kichwa kidogo kama kuku aliyesikia mwewe.

"Punguza mwendo," akasema.

"Kwa nini?"

"Punguza, nimekwambia."

Wifi huyo alikuwa dada wa marehemu mume wake. Kwa miaka ishirini na mbili aliendesha mabasi ya masafa marefu, abiria wakambandika jina la Kapteni, na jina likamganda hata baada ya mtoto wa jicho kumshusha kwenye kiti cha dereva. Sasa aliiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia chupa ya maziwa. Masikio yake lakini hayakuwa yamezeeka hata siku moja.

Wawili hawa walikuwa na miaka minne bila kusemeshana. Siku ya mazishi Kapteni alisimama mbele ya waombolezaji akasema kaka yake hakuuawa na moyo, ameuawa na uzembe wa mke. Kisha akalitaka gari. Lilikuwa steshenwagoni nyeupe, kuukuu kuliko watoto wengi wa mtaani kwao, ambayo ndugu hao wawili waliifufua kutoka kwenye gofu ujanani mwao, wakilala chini yake kila Jumapili. Mshonaji alisema gari ni la mume wake na litabaki kwa mwanawe. Tangu hapo wakikutana njiani, mmoja alivuka barabara.

Kilichowaweka kwenye gari moja ni binti. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amelazwa hospitali kubwa upande wa pili wa nyika. Tumboni mwake kulikuwa na uvimbe uliokumbatia mshipa mkubwa, na daktari alisema hatagusa kisu mpaka awe na damu ya kundi lake kwenye friji. Kundi lenyewe lilikuwa adimu. Mama hakuwa nalo. Baba alikuwa nalo, naye yuko kaburini. Alibaki shangazi. Mshonaji alimeza kiburi, akaenda kubisha hodi kwenye mlango aliokuwa ameapa kutoukanyaga. Kapteni alimsikiliza amesimama kizingitini, bila kumkaribisha ndani.

"Lini?"

"Upasuaji ni Ijumaa. Damu itolewe Alhamisi."

"Ngoja nivae viatu."

Hiyo ilikuwa Jumatano alfajiri. Daraja la barabara kuu lilikuwa limechukuliwa na mafuriko ya mbali, kwa hiyo ilibaki njia ya zamani: kilomita mia na thelathini za kokoto na vumbi, zikifuata nguzo za simu zilizotelekezwa. Hakuna kijiji, hakuna kisima, hakuna mtandao. Jua lilipopanda, upeo wa macho ulianza kutetemeka kama mafuta kwenye kikaango.

"Kanyaga mafuta," Kapteni akaamuru. Ngurumo ikapanda. "Sasa kanyaga klachi, liache litembee lenyewe." Injini ikashuka, ngurumo haikushuka. "Basi si injini, wala si gia. Ni gurudumu. Yumbisha kulia, taratibu."

Mshonaji akayumbisha kulia. Sauti ikawa kali, yenye meno.

"Kushoto."

Sauti ikafifia.

"Ukikata kulia uzito wote unalala kushoto. Gonjwa liko kushoto," Kapteni akasema. "Mbele kushoto."

"Ni nyuma," Mshonaji akasema.

"Nani kakufundisha?"

"Usukani umetulia mikononi mwangu. Sauti naisikia kiunoni. Cherehani ikiumwa, naijua kwa vidole kabla sijaifungua."

"Hii si cherehani, wewe. Simamisha hapo."

Walisimama. Joto liliingia mlangoni kama mtu aliyekuwa akisubiri nje kwa hasira. Kapteni alipiga magoti mbele, akagusa kitovu cha gurudumu, akarudisha mkono haraka.

"Moto," akasema kwa ushindi.

"Tukaguse na la nyuma tulinganishe."

"Utagusa kipi hapa kisicho moto? Leta jeki."

Ilichukua saa nzima. Jeki ilizama kwenye vumbi, ikabidi waichimbulie jiwe bapa la kuikalisha. Nati mbili zilikuwa zimeshika kutu. Mshonaji alizifungua kwa kusimama juu ya mpini wa spana. Gurudumu lilipotoka, Kapteni alipitisha vidole kati ya diski ya breki na bati linaloikinga na vumbi. Akachomoa kijiwe cheusi, kidogo kama punje ya mahindi, kilichong'arishwa upande mmoja.

"Huyu hapa mgomvi wenu," akasema. "Nyuma! Eti nyuma."

Waliondoka. Kwa kilomita mbili tatu ile sauti kali haikusikika. Kisha, chini kabisa, chini ya kokoto na upepo, kulikuwa na kitu. Mshonaji alimtupia wifi yake jicho. Kapteni alikuwa ametazama mbele, midomo ameibana, mikono miwili juu ya mkoba. Mshonaji naye akaona bora asitukanwe tena. Akaongeza gia.

Saa sita kasoro, kwenye mteremko mfupi, ngurumo iligeuka kuwa kelele ya chuma kinacholia. Kulitokea mshindo. Nyuma ya gari ilianguka upande wa kushoto kama mtu aliyekosa ngazi, na wote wawili wakaliona gurudumu lao wenyewe likiwapita dirishani, likiruka kwa furaha, likitangulia mbele kana kwamba limechoka kuwasubiri. Mshonaji alikanyaga breki. Gari likajizungusha, likatoka njiani, likashuka kwenye korongo la kina cha goti, likagonga mwamba kwa ubavu.

Vumbi lilipotulia, kitu cha kwanza kusikika kilikuwa maji. Glu, glu, glu. Jeki, iliyorushwa ovyo ndani ya buti, ilikuwa imelitoboa dumu lao la lita ishirini. Mshonaji alitambaa juu ya viti, akaliinua, akaziba tundu kwa kiganja. Alikuwa amechelewa. Ardhi ya nyika ilikuwa imeshakunywa, na haikubaki hata doa la kuonyesha shukrani.

Alipogeuka alimwona Kapteni ameegemea mlango, damu ikimchuruzika kutoka juu ya nyusi hadi kidevuni, ikidondokea blauzi.

Huruma haikuja kwanza. Ilikuja hesabu. Damu ile haikuwa ya Kapteni peke yake. Mshonaji alirarua gauni alilomshonea binti yake la kuvaa akitoka hospitali, akalikunja, akalikandamiza kwenye jeraha kwa mikono yote miwili.

"Unaniumiza!"

"Vumilia. Unamwaga mali ya mtu."

Damu ilikata baada ya muda mrefu. Kapteni alijaribu kushuka, mguu wa kulia ukakataa. Kifundo kilikuwa kimevimba kama limau. Walikuwa na chupa mbili za maji, lita tatu kwa jumla. Maji ya rejeta yalikuwa na dawa ya kutu; Kapteni alisema anayeyanywa atakufa akiwa hana kiu. Kwa hesabu yake walikuwa wamebakiza kilomita thelathini na tano kufika machimbo ya kokoto, mahali pa kwanza penye watu. Kutembea hakuwezekani kwa mguu ule, na kusubiri kulimaanisha kusubiri mtu ambaye hakuwa na sababu ya kupita.

"Gari linavutwa na magurudumu ya mbele," Kapteni akasema. "Hilo la nyuma limekatika na kitovu chake, halirudi, ila halivuti kitu, linafuata tu. Tukipata kitu cha kuteleza, tukalaze ekseli juu yake, litaburuzika."

"Kitu gani?"

"Gogo. Nguzo. Kitu kirefu."

Nguzo moja ya simu ilikuwa imeanguka hatua mia mbili kutoka hapo, imevunjika vipande. Kipande kimoja kilikuwa na urefu wa mtu mzima na kidogo, kizito, kimenyweshwa lami tangu enzi zake ili mchwa wasikile. Mshonaji alikisukuma kwa miguu, akakibingirisha, akakisukuma tena. Jua lilikuwa limekaa utosini. Kila akivuta pumzi, hewa ilimkwaruza koo. Alipokuwa akikipenyezea vidole chini ili akivushe jiwe, kitu kikamchoma katikati ya kiganja cha kushoto, kama sindano iliyotoka motoni. Nge wa rangi ya majani makavu alikimbia, mkia umepinda.

Hakupiga kelele. Alimponda kwa jiwe mara sita, mara tano zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaendelea kusukuma nguzo kwa mkono mmoja na tumbo.

Kapteni alimsikia akihema kabla hajamwona vizuri. "Una nini?"

"Nge."

"Mkubwa au mdogo? Rangi gani?"

"Mkubwa. Amefanana na majani makavu."

"Wa magando makubwa au membamba?"

"Wifi, sikumpima nguo!"

"Kaa chini. Mkono uweke chini ya moyo, usiutikise."

"Nikikaa, nani ataifunga hiyo nguzo? Wewe?"

Kapteni alinyoosha mkono, akaomba spana, akaanza kukokota mwili wake kwa makalio kuelekea nyuma ya gari.

Walifanya kazi mpaka jua lilipoinama, wakitukanana kila hatua. Kapteni alilala chini ya gari akiongoza kwa kupapasa, akisema jeki ipande, ishuke, nguzo iingie kwa mshazari, ncha ya mbele ifungwe juu, ya nyuma iguse ardhi. Waya wa simu uliokuwa bado umening'inia kwenye kipande cha nguzo ulikatika mara mbili walipoukaza. Mshonaji alikata mikanda yote ya viti. Akatoa sindano ya magunia kwenye kikasha chake cha ushonaji, akaunganisha mikanda ncha kwa ncha, mishono mitatu mitatu, akivuta uzi kwa meno kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi hadi kwenye kiwiko na ulimi wake ulikuwa unatetemeka wenyewe. Kapteni aliupitisha mkanda juu ya ekseli, akauvuta, akauvuta tena.

"Utashika?" akauliza.

"Chuma kitakatika, mshono wangu hautakatika."

Hawakuthubutu kuondoka gizani bila kuziona nguzo. Wakajikunja garini, madirisha wakayafunga. Mshonaji akatoa chupa, akamimina maji kwenye kifuniko, akampa wifi yake. Akamimina tena. Na tena.

"Na wewe?" Kapteni akauliza.

"Mimi sitoi damu. Kunywa. Usidhani nakupa wewe, nampa mwanangu."

Kapteni akanywa. Kisha akasema, "Lile jiwe nilipolitoa, sauti haikuisha. Niliisikia. Nilijua ulikuwa umesema kweli."

"Najua ulisikia."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ungekubali?"

Mshonaji aliegemeza kichwa kwenye kioo. Maumivu ya mkono yalikuwa yamemchosha kiasi cha kutokuwa na nguvu za kuficha kitu. "Haikuanza leo," akasema. "Ina wiki tatu. Kila nikiisikia nilikuwa nafungulia redio."

"Redio!" Kapteni aliinuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Gari linakulilia wewe unafungulia redio! Na kaka yangu? Alipokuwa anashika kifua, na yeye ulimfungulia redio?"

Mshonaji alifungua mlango akatoka. Alisimama nje muda mrefu, upepo ukimpiga gauni. Aliporudi, hakukaa mbele. Alikaa kiti cha nyuma, na sauti yake ilitoka ya chini, isiyo na ugomvi.

"Kaka yako alianza kuumwa miezi miwili kabla. Nilimshika mkono nimpeleke, akanisukuma. Nikamwambia, 'Basi nakwenda kumwita dada yako.' Akaniapisha. Alisema, 'Ukimwambia, atakuja kunifokea mbele ya mtoto.' Alikuogopa wewe kuliko alivyoogopa kufa. Siku ya mazishi ningeweza kusema haya mbele ya wote. Nikakusitiri."

Mshonaji alimsikia Kapteni akimeza mate, mara moja, mara mbili, kama mtu anayemeza mfupa.

Walianza safari pambazuko lilipotosha kuziona nguzo. Gari lilitoka korongoni kwa kishindo cha kumi, nguzo ikakwaruza mwamba, mikanda ikashika. Waliburuzika kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Usukani uliwavuta kushoto bila kukoma, na Mshonaji aliushika kwa mkono wa kulia, ule mwingine akiutumia kiwiko tu. Nyuma yao nguzo ilichora mfereji ardhini.

Saa mbili upepo ukainuka. Kwanza ulikuja kama ukuta wa kahawia mbali, kisha ukawameza. Nguzo za simu zikatoweka. Boneti ikatoweka. Mshonaji alisimamisha gari.

"Sioni kitu."

"Mimi sijaona kitu tangu mwaka juzi," Kapteni akasema. "Twende."

"Twende wapi?"

Kapteni alishusha kioo chake kidogo, vumbi likaingia, akatoa sikio nje. "Njia ni ngumu, imepigwa na malori miaka mingi. Nguzo ikiwa njiani inakwaruza. Ikitoka njiani inanong'ona. Wewe endesha, mimi nitasikiliza."

Wakaenda hivyo. "Inanong'ona, rudi kulia. Bado. Bado. Hapo, imeshika. Nyoosha. Umezidi, kushoto kidogo." Kokoto zilipiga vioo kama risasi za manati. Mshonaji alimtii bila kuuliza, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumtii. Saa nzima ikapita hivyo, na nyingine.

Chupa ya pili ilikuwa na maji ya vidole vinne. Mshonaji alimpa wifi yake kifuniko, kisha akakijaza kwa ajili yake, akakiinua mdomoni.

"Sijasikia koo," Kapteni akasema.

"Nimekunywa."

"Umelowesha midomo ukarudisha chupani. Nimesema sijasikia koo. Ukizimia hapo kwenye usukani, hii damu yangu itamfikiaje mtoto? Itatembea yenyewe?" Akachukua chupa, akapapasa mpaka akaupata uso wa Mshonaji, akamwekea mdomoni kwa nguvu kama anayemnywesha mtoto dawa. "Meza. Tena. Sasa nimesikia."

Upepo ulikata ghafla kama ulivyokuja. Mbele, labda kilomita sita, kulikuwa na mlima mdogo wa kijivu, wenye umbo lililonyooka mno kuwa la Mungu. Machimbo.

"Nayaona!" Mshonaji akasema.

"Unasikia harufu?" Kapteni akauliza.

Mshonaji alitazama kioo cha nyuma. Moshi mweusi ulikuwa unafuka chini ya gari. Nguzo ilikuwa imelika mpaka imebaki ubao, chuma kimeanza kugusa kokoto na kurusha cheche, na lami ya miaka mingi ndani ya mti ilikuwa imeshika moto.

Alisimamisha, akazunguka mbio, akamtoa Kapteni kwa kumshika kwapani, akamburuta hatua hamsini huku mguu mbovu ukigonga mawe na Kapteni akisaga meno. Akamwacha, akarudi. Alianza kuchota vumbi kwa kiganja kimoja akitupia kwenye moto. Moto ulikuwa mdogo bado, si mkubwa kuliko wa jiko la mkaa. Angeweza kuuzima. Aligeuka kuitafuta chupa.

"Wewe! Rudi!" Kapteni alipiga kelele. "Liache!"

"Unazimika! Gari bado zima!"

"Zima litatufikisha wapi? Limebakiza nini cha kuburuza? Liache liungue! Moshi wake ni mweusi, machimbo watauona!"

Mshonaji alisimama na vumbi mkononi. Gari lile walikuwa wameligombea miaka minne. Wamelinyimana mbele ya wazee, mbele ya watoto, mbele ya kaburi.

"Una hakika?" akauliza.

"Kaka yangu angekuwa hapa angeshaliwasha mwenyewe. Rudi huku kabla tanki halijakufanya kuni."

Mshonaji akaacha vumbi lianguke. Alirudi akaketi kando ya wifi yake, wakageuza migongo. Tanki lilipolipuka, mawe yaliruka chini ya makalio yao. Moshi ulipanda mnene, mweusi, wima, mpaka upepo wa juu ulipoukunja. Hawakuwa na kivuli. Mshonaji aliufunika uso wa Kapteni kwa kitambaa chake cha kichwa, na kila baada ya muda alimtikisa ili asilale. Maji yalikwisha. Midomo yao ilipasuka wakaacha kusema.

Lori la maji la machimbo liliwafikia saa tano. Dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya chuma, alishuka akikimbia, akasimama, akawatazama wanawake wawili waliopakwa vumbi na damu kavu, kisha akatazama mabaki ya gari.

"Mama zangu, mmetokea wapi?"

Mshonaji alinyoosha kidole kwenye mfereji mrefu uliopotelea upeoni.

"Mmeburuza gari kutoka huko?"

"Maji," Kapteni akasema. "Mengine baadaye. Na usitupe mengi kwa pamoja, kidogo kidogo."

Hospitalini walifika saa tisa alasiri. Mwuguzi alimpima Kapteni presha, akatikisa kichwa, akapima tena. "Huyu hawezi kutoa hata kijiko. Amekauka. Nikimtoa damu leo nitalaza wagonjwa wawili."

"Kesho asubuhi wanampasua mwanangu," Mshonaji akasema.

"Daktari ataamua."

Daktari aliamua kusogeza mpaka Jumamosi. Kapteni alitundikiwa dripu nne usiku na mchana, akafungwa kifundo, akashonwa nyusi. Alikunywa kila kilicholetwa, hata alipotaka kutapika. Mshonaji naye alichomwa sindano ya kuzuia sumu ya nge, mkono ukafungwa hadi begani. Alimwona binti yake kwa dakika kumi, akambusu paji la uso, hakumweleza lolote. Jumamosi alfajiri mwuguzi alichoma kidole cha Kapteni, akatazama kipimo, akasema amepita kwa unywele mmoja. Mfuko ukajaa, wa rangi nzito, ukapelekwa mbio korido ya mwisho.

Upasuaji ulichukua saa nne, na binti alitoka salama, akiwa na kovu refu na njaa kali. Lakini hilo walikuja kulijua saa nane mchana. Saa nne asubuhi walikuwa hawajui kitu. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umefungwa, taa nyekundu inawaka juu yake, na Kapteni alikuwa amelala kwenye kitanda chembamba cha chumba cha watoaji damu, uso umepauka, macho yake ya maziwa yanatazama dari.

Mwuguzi alisema mtu akae naye, kwa umri wake na hali yake, asije akainuka peke yake akaanguka. Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja kwenye korido.

"Nenda kwa mwanao," Kapteni akasema. "Mimi nimeshamaliza kazi yangu."

Mshonaji hakuondoka.

"Nimesema nenda. Unasimama hapo kama nguo kwenye kamba."

"Mwanangu ana madaktari watatu na wauguzi wanne," Mshonaji akasema. "Wewe una nani?"

Mshonaji alivuta kiti kwa mkono wake mmoja mzima, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, akakiweka ubavuni mwa kitanda, akakaa.